Pikipiki kulala msimu mzima wa baridi: petroli, oili, betri na mengine kabla ya kuifunika

Spana13
Wakuu, salaam. Baridi ndiyo hiyo inaingia na maswali ni yale yale: tangi lijazwe au likaushwe, betri itolewe au iachwe, injini iwashwe kila wiki au isiguswe kabisa. Nimeona tuyakusanye kwenye uzi mmoja. Naanza na yale yanayoharibu pikipiki nyingi zaidi zikiwa zimesimama, wadau mtaongeza na kunirekebisha.

Tuelewane kwanza adui ni nani. Baridi yenyewe haina ugomvi mkubwa na chuma. Kinachokula pikipiki iliyosimama ni unyevu na petroli iliyochacha, na karibu kila hatua hapa chini inapambana na kimojawapo.

PETROLI. Ikikaa, sehemu zake nyepesi ndizo zinazoondoka kwanza kama mvuke, nazo ndizo zinazowasha injini ya baridi. Inayobaki inaungana na hewa na kugeuka utomvu wa kahawia unaonata. Ndani ya tangi lililojaa hilo huchukua miezi. Ndani ya bakuli la kabureta, ambamo kuna kijipetroli kidogo na tundu la kupumulia liko wazi, wiki kadhaa zinatosha. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiunguruma bila resi, ina tundu la kama milimita 0.4. Utomvu kidogo tu ukiganda pale, pikipiki inawaka kwa choki na kuzima ukiirudisha. Mtu anabadilisha plagi mara tatu kumbe shida iko chini.

Kama petroli yako ina ethanoli, tatizo linaongezeka. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Ikishashiba, maji na ethanoli vinajitenga na petroli na kutuama chini ya tangi, palepale inapoanzia njia ya kwenda kwenye injini. Ikifika hapo hakuna dawa ya kuirudisha, ni kumwaga.

Kwa tangi la chuma: tia dawa ya kuhifadhi petroli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa (usiongeze kwa jicho), kisha jaza petroli mpya juu yake ili vichanganyike. Jaza hadi chini kidogo ya shingo ya tangi, acha nafasi ya petroli kutanuka joto likipanda. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa yenye unyevu, kwa hiyo kuta zake za ndani hazishiki kutu. Halafu, na hapa wengi wanapakosa, washa injini dakika 10 ili petroli yenye dawa ifike hadi kwenye kabureta au injekta. Dawa iliyobaki tangini haisaidii jeti.

Kwa kabureta malizia hivi: funga koki, weka chupa ya kioo chini ya mrija wa bakuli, legeza skrubu ya kumwagia, acha itoke yote, kaza. Iangalie ile petroli kwenye kioo kabla ya kuimwaga. Tone linalojikunja chini na kutembeatembea ni maji. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi, na hapo una kazi nyingine ya msimu huu.

OILI. Badilisha kabla ya kuilaza. Oili iliyotumika ina maji, masizi na asidi kutokana na petroli iliyoungua, na huo mchanganyiko ukikaa miezi minne juu ya beringi na shafti haukai bure. Pasha injini dakika tano hadi kumi, mwaga ikiwa ya moto, weka washa (pete) mpya kwenye bolti ya chini, filta mpya na mpira wake upakwe oili kidogo, jaza hadi alama, washa dakika mbili tatu ili oili mpya ienee, zima, subiri, pima tena. Ukibadilisha sasa, ukiamka huna haja ya kubadilisha tena.

---

Nati_legevu
Shukrani mtoa mada. Ya kwangu ni ya injekta, haina koki wala skrubu ya kumwagia. Je, nikaushe tangi au?

---

BintiGereji
Usikaushe, kaka. Pampu ya petroli iko ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Ukiiacha kavu, sehemu zake za ndani zinashika kutu na mipira inakakamaa. Jaza, tia dawa, washa dakika 10, zima, basi. Mfumo wa injekta umefungwa na una presha, petroli yake haichachi haraka kama ya kabureta.

Tangi la plastiki halishiki kutu, kwa hiyo kulijaza si lazima sana, ila kama petroli ina ethanoli bado napendelea lijae. Hewa kidogo, unyevu kidogo.

Nyongeza ya usalama ambayo mtoa mada hakuigusa: tangi lililojaa halikai chumba kimoja na hita ya maji yenye moto wa gesi, jiko au mashine ya kuchomelea. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi ukute moto.

---

MzeePistoni
Vijana mnajitesa na madawa. Iwashe kila Jumamosi dakika tano, oili inazunguka, betri inachaji, petroli haigandi. Mbona pikipiki za zamani zilikuwa zinalala hivyo hivyo na zinaamka?

---

Mtambo
Mzee wangu, shikamoo. Hapo kwa heshima zote napingana nawe, na sababu ninayo.

Petroli ikiungua inazaa maji. Lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Injini ikipata moto kamili mvuke huo unatoka wote kwa ekzosi. Injini ya baridi ikiwashwa dakika tano, sehemu ya mvuke inapita pembeni ya ringi na kushuka kwenye oili, nyingine inagandia ndani ya ekzosi, vyote vikiwa bado baridi kama glasi ya maji ya friji inavyotoa jasho. Unazima, maji yanabaki. Jumamosi ijayo unaongeza mengine. Fungua kifuniko cha oili cha pikipiki inayowashwa hivyo utakuta ute mweupe kama maziwa chini yake. Ekzosi nayo inaoza kuanzia ndani, nje inang'aa.

Na betri haichaji. Starta inakunywa ampea nyingi kwa sekunde chache, na pikipiki nyingi zikiwa hazina resi zinarudisha kidogo sana, hasa taa ya mbele ikiwa inawaka muda wote. Dakika tano haziwezi kurudisha kilichochukuliwa.

Kama mtu anataka kuiamsha katikati ya msimu, aiendeshe nusu saa nzima hadi oili ipate moto wa kweli na kukausha unyevu. Lakini kama barabara zimemwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, hiyo safari ni hasara tupu. Ama iendeshe kikamilifu, ama iache ilale.

---

MzeePistoni
Marahaba. Ya ute mweupe nakubali, huo unaonekana sana. Lakini basi tia oili kwenye silinda, maana pistoni ikikaa sehemu moja miezi mitano bila chochote ringi zinashika.

---

Mtambo
Hapo tuko pamoja. Kwa miezi miwili sihangaiki, kwa minne na zaidi, au kama chumba kina unyevu, inafaa. Utaratibu wake una mitego, kwa hiyo naandika taratibu.

Puliza uchafu kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, mchanga ukiangukia ndani umeanzisha balaa. Toa plagi. Tia oili safi ya injini mililita 5 kwa kila silinda, yaani kijiko kimoja cha chai. SI ZAIDI. Oili haibanwi, ukijaza nyingi halafu ukarudisha plagi na kupiga starta, pistoni inagonga kimiminika na konrodi inaweza kupinda.

Sasa injini izungushwe ili oili ipake kuta. Usitumie starta kama ni ya injekta, kwa sababu itanyunyiza petroli na kuisafisha oili uliyotia. Weka stendi kubwa, ingiza gia ya juu kabisa, funika tundu la plagi kwa kitambaa, zungusha tairi la nyuma kwa mkono hadi pistoni ipande na kushuka mara nne tano. Swichi imezimwa muda wote. Kama ni ya kiki na unaona tabu kuzungusha tairi, piga kiki polepole, lakini hakikisha umeme wa plagi umekatwa kwa kutoa fyuzi yake. Koili inayolazimishwa kutoa cheche isiyo na pa kwenda inaweza kuungua pamoja na kifaa kinachoiendesha.

Rudisha plagi kwa vidole kwanza. Ikigoma mizunguko miwili ya mwanzo, toa uanze upya, usilazimishe kwa spana. Kichwa cha silinda ni aluminiamu na meno yake yanakatika kirahisi. Mwisho kaza kwa spana ya kipimo: plagi za milimita 10 ni nyutonimita 10 hadi 12, za milimita 12 ni 15 hadi 20, za milimita 14 ni 25 hadi 30. Huna spana ya kipimo na plagi ni mpya yenye washa? Ikigusa kwa vidole, ongeza nusu mzunguko.

---

Nati_legevu
Nimekusoma mkuu. Sasa betri. Nimesikia ukiiweka sakafuni kwenye zege inanyonywa chaji.

---

VoltiKumi2
Hiyo ya zege iacheni ipumzike. Ilikuwa na ukweli zamani sana makasha ya betri yalipokuwa ya mbao na mpira. Kasha la plastiki halipitishi umeme kwenda sakafuni. Iweke popote palipo pakavu.

Kinachomaliza betri ni vitu viwili. Cha kwanza, betri ya asidi inajipunguza yenyewe hata ikiwa haijaunganishwa, asilimia chache kila mwezi, na kwenye joto kasi inaongezeka. Cha pili ndicho kikubwa: saa, alamu na vifaa vinavyokesha. Piga hesabu. Vikivuta miliampea 5 tu, kwa mwezi wa saa 720 vinakunywa ampea-saa 3.6. Betri ya pikipiki ndogo ni ampea-saa 7. Kwa hiyo mwezi mmoja nusu imekwenda, wa pili hakuna kitu.

Betri ya asidi ikikaa bila chaji, salfa (yaani salfeti ya risasi) inagandia kwenye bamba zake na kugeuka fuwele ngumu ambazo chaja haiyeyushi tena. Ndiyo maana betri "iliyolala" miezi mitatu unaichaji usiku kucha, inaonyesha volti nzuri, ukigusa starta inakata roho.

Na kuganda. Betri iliyojaa inahimili hadi karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Iliyokwisha, asidi yake imekuwa karibu na maji, inaganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 tu chini ya sifuri na kasha linapasuka. Betri iliyoganda USIICHAJI. Iache iyeyuke ndani, ikague kama ina ufa au imevimba, na ukiona hivyo ni ya kutupa kwa wanaopokea betri mbovu.

Kutoa: anza na hasi, maliza na chanya. Kurudisha: chanya kwanza. Sababu ni kwamba fremu yote ni hasi. Spana yako ikigusa fremu wakati unafungua chanya huku hasi bado imefungwa, umepiga shoti.

Vipimo, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa baada ya chaji: ya maji iliyojaa inasoma volti 12.6 hadi 12.7, kavu iliyofungwa 12.8 hadi 13. Ikishuka 12.4 ichaji. Chini ya 12 imekwisha na kila siku inayopita inaumia.

Chaja iwe ndogo na inayojisimamia, ile ambayo ikimaliza kujaza inashuka kwenye volti 13.2 hadi 13.6 na kushikilia hapo. Ampea za kuchaji ni moja ya kumi ya ukubwa wa betri: ya ampea-saa 7 inataka 0.7, ya 12 inataka 1.2. Chaja kubwa ya gari isiyo na udhibiti inaichemsha. Huna chaja ya kushikilia? Chaji mara moja kwa mwezi na uitoe.

Betri ya lithiamu ni habari nyingine kabisa. Inajipunguza kidogo mno, kwa hiyo toa waya na uiache ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji. Usiiunganishe na chaja ya kizamani ya betri za asidi, hasa ile yenye hatua ya kuvunja salfa, maana inapandisha volti kupita kiasi. Na usiichaji ikiwa chini ya sifuri. Ndani kunajengeka lithiamu mahali isipotakiwa na betri inaharibika moja kwa moja.

---

Rejeta_Kavu
Wenye injini za kupozwa kwa maji, msisahau hili kwa sababu ndilo ghali kuliko yote humu. Kama kuna aliyeongezea maji ya bomba kiangazi kizima, sasa kwenye rejeta hana kinga. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na hayaulizi, yanapasua bloku, pampu au rejeta.

Nusu kwa nusu ya kulanti (dawa ya rejeta) ya glaikoli na maji yaliyochujwa inakinga hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kuna wanaodhani kulanti tupu ni bora zaidi. Si kweli. Glaikoli ya ethilini ikiwa peke yake inaganda kwenye karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Ni mchanganyiko na maji ndio unaoshusha kiwango. Pima kwa haidromita ya kulanti, na kama ina miaka miwili mitatu mwaga yote uweke mpya, kwa sababu dawa za kuzuia kutu ndani yake huisha hata kama rangi bado inapendeza.

Ukimwaga, usiiache kwenye beseni. Ni tamu na ni sumu, mbwa na paka wanailamba na kufa.

---

BintiGereji
Nije kwenye nje ya pikipiki, maana watu wanaweka dawa ya tangi halafu wanafunika chumvi na matope.

Ioshe kwa maji mengi na sabuni laini, ukikazania chini ya madigadi, nyuma ya rejeta, kwenye kaliparo za breki na mahali waya zinapopita. Mashine ya presha weka mbali na beringi za magurudumu, shingo ya usukani na mnyororo. Presha inasukuma maji kupita mpira wa kuzuia na hayatoki tena. Kisha iendeshe kidogo ikauke. Kitambaa hakifiki penye maji yaliyojificha, joto la injini na upepo vinafika.

Mnyororo usafishwe kwa mafuta ya taa na brashi laini. Si petroli wala brashi ya waya, kwa sababu kati ya pini na bamba kuna vijipete vya mpira vinavyofungia grisi ya kiwandani, vikifa mnyororo umekwisha. Zungusha tairi kwa mkono, injini IMEZIMWA. Kusafisha mnyororo huku gia inazunguka ndiko kunakokata vidole, na wala si methali. Futa, paka oili ya mnyororo upande wa ndani, acha usiku mmoja. Ulegevu pima katikati ya upande wa chini, mahali ulipobana zaidi. Pikipiki nyingi za barabarani ni milimita 25 hadi 35 lakini kitabu chako ndicho kinachoamua.

Nguzo za shokapu za mbele zipake oili nyepesi kidogo kwa kitambaa. Doa la kutu pale likishaota kishimo, kila shokapu inaposhuka linakwangua sili, na sili mpya itavuja ndani ya muda mfupi mpaka ubadilishe nguzo yenyewe.

Oili ya kupuliza kwenye fremu na bolti ni sawa. Kwenye diski na pedi za breki, hapana hata tone. Funika diski kwa mfuko kabla ya kupuliza.

---

Ekzosi_Mbili
Panya hawajatajwa. Ekzosi, sanduku la filta ya hewa na sponji ya kiti ni nyumba tatu tayari, na waya wanatafuna wakiwa hapo hapo. Subiri ekzosi ipoe kabisa, kisha ziba kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki, mkia wake uning'inie nje uonekane. Mlango wa hewa nao vivyo hivyo. Sufu ya chuma siipendekezi, inashika kutu na vipande vyake vinaingia ndani.

Andika kikaratasi "TOA VITAMBAA VIWILI" ukifunge kwenye usukani. Utasahau, usijidanganye.

Na kifuniko kiwe kinachopumua. Turubai la nailoni linafungia unyevu chini yake.

---

Nati_legevu
Matairi? Na kuna anayesema nifunge wenzo wa klachi kwa mpira ukiwa umebanwa msimu mzima ili sahani zisigandane.

---

Spana13
Matairi: jaza hadi kiwango cha juu cha kitabu chako, hewa itashuka yenyewe. Baridi peke yake inashusha kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6. Ukiweza inyanyue magurudumu yote yasiguse chini. Ukishindwa, stendi kubwa na kuisogeza robo mzunguko kila wiki mbili tatu inatosha, ili uzito usikae sehemu moja na kuacha bapa. Usiegeshe karibu na mota za umeme zinazofanya kazi, ozoni yake inapasua mpira. Dawa za kung'arisha matairi ziacheni kabisa, zinateleza.

Kabla ya kuhangaika soma tarehe ubavuni: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Klachi wadau wanatofautiana. Kuufunga wenzo kunaziachanisha sahani kwelikweli, na springi haidhuriki kwa kubanwa tu. Lakini kwenye klachi inayosukumwa kwa mafuta badala ya waya unaacha sili chini ya presha miezi yote, na wengine huvunja wenzo. Binafsi naona ni kujisumbua, kwa sababu sahani zilizogandana zinaachanishwa dakika tano siku ya kuamka. Wenzo wa breki ya mbele ndio usiufunge kamwe, pedi zinagandia kwenye diski.

---

Mtambo
Sasa pikipiki imelala, na hii ndiyo miezi ya kufanya kazi ambazo kiangazi hakuna anayekubali kuzifanya.

Kwanza breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hata yakiwa yamefungwa. DOT 4 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishashiba maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu breki inakuwa laini mkononi. Maji hayo hayo yanashikisha kutu pistoni za kaliparo. Kila miaka miwili badilisha. Kopo liwe jipya, lililofunguliwa mwaka jana ni la kutupa. Wakati wa kutoa, tangi dogo la mafuta lisikauke hata mara moja. Hewa ikiingia kwenye pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki), baadhi haziwezi kutolewa hewa bila mashine ya uchunguzi. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na 3, 4 wala 5.1, hata kama namba zinafuatana. Tone likidondokea rangi, maji haraka.

Kabla ya kurudisha pistoni za kaliparo ndani ili uweke pedi mpya, safisha sehemu iliyochomoza. Uchafu ukisukumwa ndani unakwangua sili na breki inaanza kukwama.

Valvu zipimwe uwazi wake injini ikiwa BARIDI, imekaa usiku kucha. Msimu huu hilo halina ubishi, tayari imelala. Uwazi unaopungua ni hatari kuliko unaoongezeka: valvu yenye kelele inasumbua sikio, iliyobana haifungi vizuri, haipoi, na mwishowe inaungua.

Shingo ya usukani: nyanyua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu toka upande hadi upande. Ukihisi unajipachika katikati kama kuna kishimo, beringi zimekwisha. Kukaza hakutibu.

Filta ya hewa ya sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipakwe oili ya filta na ikamuliwe, usiisokote. Petroli inaiozesha gundi.

---

Ekzosi_Mbili
> Wenzo wa breki ya mbele ndio usiufunge kamwe

Nakubali, na breki ya ngoma pia. Ikiwa umeinyanyua, legeza kidogo nati ya fimbo ya breki ya nyuma, ila iandike kwenye kile kikaratasi.

---

Nati_legevu
Naomba na utaratibu wa kuiamsha, ili uzi ukamilike.

---

BintiGereji
Usikimbilie starta. Toa vitambaa. Fungua kiti na sanduku la hewa uangalie viota na waya zilizotafunwa. Rudisha betri. Tia upepo. Kamata breki zote mbili, ziwe ngumu. Vuta moto wa mkononi (mshiko wa resi) na uuachie usukani ukiwa umegeuzwa kushoto, kulia na katikati. Lazima urudi wenyewe kwa kishindo pande zote.

Halafu pima oili na UINUSE. Kama kiwango kimepanda juu ya pale ulipokiacha na kina harufu ya petroli, koki imevuja na petroli imeshuka kwenye injini. Usiiwashe. Mwaga oili yote, tafuta kilichovuja, weka nyingine. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi beringi.

Kwa kabureta fungua koki, subiri dakika moja bakuli lijae, kisha angalia mrija wa kumwagikia. Ukichuruzika, sindano ya bakuli imekwama. Gonga bakuli kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikiendelea, funga koki, kabureta ifunguliwe.

Kama ulitia oili kwenye silinda, toa plagi, kata umeme wake, na kwa injekta kata pia wa pampu. Funika tundu kwa kitambaa, zungusha sekunde chache hadi taa ya presha ya oili izime. Oili ya ziada itaruka kwenye kitambaa badala ya kulowesha plagi. Rudisha plagi, washa, na usipige resi. Iache ipashe yenyewe.

Klachi: ikiwa moto zima, ingiza gia ya pili, bana klachi, isukume mbele na nyuma. Gurudumu likiwa bado limeshikwa, endelea kuitikisa hadi utakaposikia sahani zinaachia. Usiingize gia ya kwanza injini ikiwa inawaka kabla ya kuhakikisha hilo, itaruka nawe.

---

Nati_legevu
Moshi siku ya kwanza ni wa kawaida?

---

Mtambo
Wa samawati kwa dakika chache, ndiyo, ni ile oili ya silinda inaungua. Mweupe mwepesi unaopotea hewani na matone ya maji mdomoni mwa ekzosi, ndiyo pia. Wa samawati ukiendelea baada ya kuiendesha dakika 20, pima mbano wa silinda, inawezekana ringi zimeshika. Mweupe mzito wenye harufu tamu kwenye injini ya maji, zima hapo hapo uangalie kiwango cha kulanti: inaingia kwenye silinda.

Na mwendo wa kwanza usiwe mrefu. Diski zitakuwa na ngozi nyembamba ya kutu, shika breki kidogo kidogo mara kadhaa ukiwa kwenye mwendo mdogo hadi zing'ae, ndipo uzitegemee. Ukirudi, angalia chini ya shokapu, kaliparo na bolti ya oili kama kuna unyevu mpya, na upime upepo tena matairi yakipoa.